Bustani ya watoto, tamasha na kreti za bia: tuuze au tuache?

Swali: *"Shikamoo daktari. Mimi na mume wangu tuna bustani ya michezo ya watoto hapa Kigoma, kando ya ziwa. Tuna bembea, puto kubwa la kurukia, treni ndogo ya kuzunguka na boti mbili za kutembeza watu. Tarehe 26 Desemba tunataka kufanya tamasha la muziki kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Msambazaji mmoja wa vinywaji ameahidi kulipia jukwaa, spika na msanii kutoka Dar es Salaam, ila anataka auze bia humo ndani na aweke ofa ya nunua mbili upate ya tatu. Mume wangu anasema bia siyo pombe kali, watu watakunywa, watakula mishikaki, watarudi kulala. Anasema pia tukikataa wataingiza vichupa mifukoni, kwa hiyo ni bora sisi tupate hela. Mama mkwe hataki hata kusikia, anasema tunageuza uwanja wa watoto kuwa kilabu. Mimi nimebaki katikati. Kuna namna ya kuuza bila kuwahatarisha watoto, au tuachane nayo? Na mtu akizidiwa tumfanyie nini?"*

Marahaba, binti yangu. Nyumbani kwenu kila mtu ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana hamuelewani. Mume wako yuko sahihi kwamba marufuku ya mdomo haizuii vichupa. Mama mkwe yuko sahihi kuhusu watoto. Na wewe uko sahihi kwamba jukwaa na msanii ni gharama ambayo bustani changa haiwezi kuibeba peke yake.

Nikupe jibu langu kabla ya maelezo: tamasha hilo, kwa siku hiyo na ratiba hiyo, usiuze pombe. Mkitaka tamasha lenye bia, lifanyeni siku nyingine, liwe la watu wazima tu, michezo ikiwa imefungwa na boti hazitembei. Hilo linawezekana na nitakueleza namna yake. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu mdhamini atakuja na hoja, na "daktari amekataa" haitamridhisha.

Tuanze na hilo la "bia siyo pombe kali", maana nimelisikia kwa watu wenye shahada zao. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Toti moja ya mililita 30 ya kinywaji cha asilimia 35 ina gramu 8 na kidogo. Maana yake anayekunywa bia moja amekunywa zaidi ya toti mbili, ila amezinywa zikiwa na maji mengi. Mwili hauulizi kilevi kimetoka kwenye chupa ya aina gani. Unahesabu gramu.

Na ini lina mwendo wake. Kwa mtu mzima wa kawaida linasafisha kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi. Bia moja ya nusu lita inalipa ini kazi ya saa mbili hadi karibu tatu. Sasa chukua ofa ya mdhamini wako: bia tatu ni gramu 60. Mtu akizimaliza saa kumi na moja jioni, ini lake litakuwa bado linahangaika nazo saa tano au sita usiku, hata kama hakuongeza tone. Kahawa haiharakishi kazi hiyo. Maji baridi ya kichwani hayaharakishi, maziwa hayaharakishi, wala kujitapisha. Kahawa inamfanya mlevi awe macho, lakini anabaki mlevi.

Mishikaki nayo ina kazi yake, nisiwe mkali kupita kiasi. Kilevi kinafyonzwa kwa wingi kwenye utumbo mwembamba, si tumboni. Chakula kinachelewesha mlango wa tumbo kufunguka, kwa hiyo kilevi kinaingia kwenye damu polepole na kilele chake kinakuwa chini zaidi. Ndiyo maana aliyekula ugali na mgebuka halafu akanywa anakuwa tofauti na aliyekunywa akiwa na njaa. Lakini chakula hakifuti kilichonywewa. Na ukumbuke watu wengi kwenye matamasha hunywa kwanza, mishikaki huja baadaye wakisikia njaa.

Mwanamume wa kilo 70 akinywa bia mbili za nusu lita harakaharaka na tumbo tupu, anakaribia miligramu 80 za kilevi katika kila mililita 100 za damu. Hicho ndicho kiwango ambacho sheria yetu ya usalama barabarani inamzuia mtu kuendesha chombo. Mwanamke wa kilo 60 akinywa hizo hizo mbili anakivuka. Si suala la ujasiri: mwili wake kwa kawaida una maji machache zaidi ya kukichanganya kilevi. Kwa hiyo "nunua mbili upate ya tatu" inamfikisha mtu kwenye mpaka kwa hela yake, halafu inamvusha bure.

Lakini kilichonifanya niseme usiuze siku hiyo si mlevi anayeanguka. Huyo anaonekana, anabebwa. Kinachonitisha ni mzazi aliyekunywa moja au mbili, ambaye ukimtazama huoni chochote.

Kilevi hakianzi na miguu. Kwenye kiwango cha chini kabisa, hata miligramu 20 tu kwa mililita 100 za damu, kinachopungua kwanza ni uwezo wa macho kufuatilia kitu kinachotembea na uwezo wa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Sasa fikiria kazi ya mzazi kwenye bustani yako. Baba amekaa kwenye kiti cha plastiki, msanii anaimba, shemeji yake anamhadithia habari za mizigo ya Kalemie, na mtoto wa miaka mitatu yuko hatua kumi mbele anazunguka nyuma ya bembea. Anayepigwa na bembea mara nyingi si aliyekaa juu yake. Ni yule mdogo aliyepita nyuma wakati ubao unarudi, na ubao wenye mtoto wa kilo 30 juu yake unakuja usawa wa uso. Baba anatakiwa kusikiliza, kujibu, na kumwona mwanawe kwa wakati mmoja. Bia ya kwanza inagusa hapo hapo. Atakuapia kwamba hajalewa, na hatakuwa anadanganya kwa jinsi anavyojisikia.

Halafu mko kando ya ziwa. Watu wengi wanadhani mtoto anayezama anapiga kelele na kurusha mikono. Kwa kawaida hafanyi hivyo. Mdomo uko kwenye maji, pumzi yote inatumika kutafuta hewa, hakuna ya kuitia mtu. Anazama kimya, ndani ya dakika chache, mara nyingi pasipo maji mengi, na watu wakiwa mita chache tu kutoka alipo. Ukiongeza spika za tamasha, hata angepiga kelele asingesikika. Kinga yake ni jicho la mtu mzima lililotulia, na hilo ndilo mnalotaka kuliuzia bia.

Mtu mzima mwenyewe naye majini hana usalama. Akinywa anajiona anaogelea vizuri kuliko jana, kumbe pumzi ni fupi, misuli inachoka, na ile hali ya koo kujifunga maji yanapoingia imelegea. Ziwa Tanganyika si kidimbwi. Kina chake kirefu kinafika karibu mita 1,470, na sehemu nyingi za pwani ya Kigoma kina kinaongezeka ghafla. Waliokulia Kibirizi na Katonga wanalijua hili tangu utotoni, lakini mgeni aliyetoka Kasulu kwa ajili ya tamasha halijui.

Kuna jambo la treni na puto la kurukia ambalo watu hulichukulia kwa utani. Ndani ya sikio tuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, inayouambia ubongo kichwa kimegeukia wapi. Kwenye kila mfereji kuna kiungo laini kinachopinda majimaji yanaposogea. Kwa kawaida kiungo hicho na majimaji yake vina uzito unaolingana. Mtu akinywa, kilevi kinaingia kwenye kile kiungo mapema kuliko kinavyoingia kwenye majimaji, na kwa kuwa kilevi ni chepesi kuliko maji, kiungo kinakuwa chepesi na kinaelea. Ubongo unaambiwa kichwa kinazunguka wakati mtu amelala kimya. Hicho ndicho chanzo cha kile kizunguzungu cha kitandani. Baada ya saa kadhaa uzito unasawazika na mtu anahisi amepona. Kisha kilevi kinatoka kwenye kiungo kabla ya kutoka kwenye majimaji, na mchezo unaanza upya kwa upande wa pili. Mpandishe mtu wa namna hiyo kwenye chombo kinachozunguka: atatapika, au atajaribu kushuka chombo hakijasimama. Juu ya puto ni balaa zaidi, maana mtu mzima wa kilo 80 akitua karibu na mtoto wa kilo 15, mtoto anarushwa juu bila hiari yake. Na usinihakikishie kwamba watu wazima hawatapanda. Saa nne usiku, wakishachangamka, hata bembea za watoto zitapandwa na watu wawili wawili, na minyororo yake haikufungwa kwa uzito huo.

Sasa niende kwa mume wako, maana hoja yake ya vichupa ni nzito kuliko zote na mara nyingi wanaopinga pombe huikwepa. Ni kweli, ukiandika "pombe hairuhusiwi" kwenye bango halafu geti likaachiwa vijana wawili wenye simu mkononi, utapata ulevi mbaya kuliko ule wa bia. Chupa ndogo ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina gramu 55 za kilevi, karibu bia tatu, na inaingia kwenye soksi. Vile viroba vya plastiki vilipigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017, na vilipotoka sokoni, vichupa vidogo vilibaki. Mbaya zaidi ni gongo, ambayo ni haramu na haina kipimo kinachojulikana. Aliyeijaza kwenye chupa ya maji na kuingia nayo hajui mwenyewe amebeba gramu ngapi.

Kuna mfano wa Marekani ambao mdhamini wako akiujua atautumia. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha West Virginia kilianza kuuza bia kwenye uwanja wake wa mpira, na matukio ya polisi siku za mechi yalipungua. Watu hushika nusu hiyo ya habari. Nusu ya pili ni kwamba msimu huo huo chuo kilifuta utaratibu wa kuwaruhusu watazamaji kutoka nje katikati ya mchezo na kurudi. Awali walikuwa wanatoka mapumziko, wanakwenda kunywa pombe kali kwenye maegesho, wanarudi wamelewa. Bia ndani ikaja pamoja na mlango kufungwa, kwa hiyo usiisifu bia peke yake. Funzo kwako ni geti: anayetoka harudi, mabegi yanafunguliwa, chupa za maji zinanuswa au zinaachwa nje, na ndani maji ya kunywa yanapatikana bure au kwa bei ya dukani. Hilo unaweza kulifanya bila kuuza hata bia moja.

Ofa nayo ina historia yake. Juni 4, 1974, mjini Cleveland, timu ya besiboli iliuza bia kwa senti 10 kikombe ili kujaza uwanja. Watu walikuja kweli. Mchezo haukuisha: watazamaji waliingia uwanjani, wachezaji wakashika marungu yao kujilinda, na wenyeji wakapewa kipigo cha mezani. Hao walikuwa watu wazima wengi wao, kwenye uwanja usio na bembea. Kwa hiyo hata siku mtakapofanya tamasha la watu wazima, ofa ya mdhamini ndiyo kitu cha kwanza cha kukataa. Pombe inayouzwa kwa bei yake kamili, moja moja, ndiyo inayonyweka polepole.

Bustani kubwa za starehe duniani hazijakubaliana kwenye jambo hili, usidhani kuna jibu moja lililoandikwa mahali. Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa 1843, ina bembea na michezo, ina matamasha ya Ijumaa usiku, na bia inauzwa. Bustani za Busch Gardens kule Marekani zilikuwa mali ya kampuni ya bia, zikawa zinawaonjesha wageni bure, na utaratibu huo ukaisha 2009. Disneyland ya California ilifunguliwa 1955 na kwa zaidi ya miaka 60 haikuwauzia wageni wa kawaida pombe ndani ya bustani, mpaka 2019 ilipoanza, tena kwenye sehemu maalumu. Hao wanaouza wana vitu ambavyo mimi na wewe hatuna: mikanda inayofunga viti vya michezo kwa mashine, waangalizi waliosomea kwenye kila mchezo, zahanati ndani ya uzio, na polisi wa kutosha wa barabarani nje. Ukinakili bia yao bila kunakili hayo, umechukua sehemu ya rahisi.

Na siku uliyoichagua ndiyo ngumu kuliko zote. Siku ya pili ya Krismasi watoto wa Mwanga, Gungu na Ujiji wanatoka na nguo mpya na noti ya elfu mbili, wengi bila mzazi. Dada wa miaka kumi na mbili ameshika wadogo zake watatu. Hakuna atakayewachunga isipokuwa watu wazima waliopo uwanjani, hata wasiowajua. Kwetu hilo bado lipo, mtoto wa mwenzio unamkemea asikaribie maji. Pombe inalipunguza kimyakimya.

Nikikuambia usiuze sisemi kwamba bila pombe uko salama. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitri, pale Tabora, watoto wapatao 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi, kwa kukosa hewa na kukanyagana. Walikuwa watoto wamekuja kusherehekea sikukuu. Kilichowaua ni msongamano. Kwa hiyo kabla hujabishana na mdhamini kuhusu bia, hesabu watu: eneo lako linabeba wangapi, getini nani anahesabu kila anayeingia, na yakitokea ya kutokea watatokea wapi. Geti moja la kuingilia na kutokea, lenye meza ya tiketi katikati, halifai hata kwa tamasha la soda. Huko nje kwenye hewa ya ziwa hakuna dari, lakini uzio na maji vinaweza kubana watu vilevile.

Umeniuliza kama kuna namna. Watu wengi hushauri mgawanyo wa siku moja: mchana watoto, jioni watu wazima na bia. Kwenye karatasi unapendeza. Kwenye uwanja haufanyi kazi, na Kigoma ndiyo kabisa, kwa sababu jua letu linazama kama saa moja jioni na kidogo mwezi Desemba, zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Saa kumi na mbili bado kunang'aa, nani atakubali kuondoka? Mzazi aliyelipa kiingilio atakaa. Mtoto atalazwa kwenye kanga pembeni ya jukwaa. Utajikuta saa mbili usiku unauza bia katikati ya watoto waliolala, na sheria haiko upande wako. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa mtu yeyote chini ya miaka 18, inakataza kumuuzia pombe, na haitaki watoto waingizwe kwenye baa na disko. Siku utakapoweka kaunta ya bia na muziki wa usiku, itabidi ueleze kwa nini uwanja wako siyo baa.

Ndiyo maana nasema siku tofauti. Tarehe 26 iwe ya familia, iishe saa moja jioni, na mdhamini uongee naye upya. Wasambazaji wengi wa bia wanauza pia soda, maji na vinywaji vya kimea visivyo na kilevi, muulize kama yuko tayari kuweka jina lake kwenye hivyo. Akikataa, jukwaa dogo na bendi ya hapa hapa litakutosha. Mkoa huu haujawahi kukosa waimbaji, na kwa mchana wa sikukuu watoto wanataka kucheza tu, hawaulizi msanii amepanda ndege au la. Ukipiga hesabu ya faida ya kaunta, weka upande wa pili zile familia ambazo hazitakanyaga tena kwenu. Kigoma Ujiji ina Waislamu wengi, na si wao tu: hata mlokole wa Gungu hatawaleta watoto wake mahali alipoona kreti. Bustani ya watoto inaishi kwa wale wanaorudi kila wikiendi. Tamasha ni siku moja.

Tamasha la watu wazima likija, chukua leseni ya vileo ya shughuli hiyo kupitia ofisi ya biashara ya manispaa, na uuze kwa saa zilizoandikwa humo, pamoja na vibali vingine vya burudani na taarifa polisi. Getini aonyeshe kitambulisho kila ambaye umri wake una shaka, cha taifa au cha mpiga kura. Puto litolewe upepo, siyo lizungushiwe kamba. Bembea zitolewe viti au zifungwe minyororo. Ufunguo wa boti ukae kwako, tena ukiweza injini ishushwe kabisa, na upande wa maji uwekwe uzio, taa na watu wawili wasiokunywa, wenye maboya na kamba ndefu. Muuzaji asimhudumie aliyelegea ulimi, na asilipwe kwa idadi ya chupa anazouza, maana ukimlipa hivyo hatamkatalia mtu. Mauzo yasimame saa nzima kabla muziki haujaisha. Mwafikiane mapema na madereva wa bodaboda na bajaji wasiokunywa, muwape sehemu yenye taa ya kusubiri abiria.

Na chupa za kioo zisiingie uwanjani kabisa. Bia imiminwe kwenye vikombe vya plastiki kaunta, chupa ibaki ndani ya kreti na kizibo ndani ya ndoo. Hili linaonekana dogo. Lakini kwenye mchanga wako chupa ikivunjika huwezi kuiokota yote. Ukifagia unaokota vipande vikubwa, vile vidogo vinazama. Wiki tatu baadaye mtoto amevua kandambili akimbilie puto, anakata unyayo, na kidonda cha mchanga kinataka kusafishwa vizuri na chanjo ya pepopunda. Vizibo navyo vina meno, na vikishashika kutu huvioni.

Mwisho umeuliza kuhusu aliyezidiwa, na hili ujifunze hata kama hamtauza, kwa sababu mtu anaweza kuingia akiwa tayari amekunywa nje. Kosa kubwa ni kumwacha "alale ipite". Kilevi kilichoko tumboni kinaendelea kuingia kwenye damu baada ya mtu kuacha kunywa, kwa hiyo aliyelala anaweza kuzidi kulewa akiwa usingizini. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo na mdomo ukielekea chini ili njia ya hewa ibaki wazi na matapishi yatoke nje, na mtu mmoja abaki naye. Usimpe kahawa wala maziwa, usimtapishe, usimmwagie maji: ngozi yake inapoteza joto haraka, na usiku wa ziwa una upepo. Mwite kwa sauti, mfinye bega. Asipoamka, au akipumua chini ya mara nane kwa dakika, au pumzi ikikaa sekunde kumi bila kurudi, au midomo ikiwa na rangi ya bluu, au akipata degedege, au alianguka na kugonga kichwa, huyo ni wa hospitali wakati huo huo. Kwenu ni Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, na gari la kumpeleka liwe limepaki likiangalia nje tangu mchana. Mtoto aliyekunywa kiasi chochote, hata mabaki ya kikombe alichokiokota, apelekwe bila kusubiri dalili, kwa kuwa sukari yake ya damu inaweza kushuka ghafla. Na mtu aliyekunywa gongo akianza kulalamika siku ya pili kwamba anaona ukungu au tumbo linamuuma sana, asiambiwe ni uchovu wa pombe. Huenda alikunywa kilevi chenye sumu inayoua macho, na kila saa ina thamani.

Maelezo ya barua hayawezi kuona uwanja wako. Kabla hujasaini chochote na mdhamini, mwombe ofisa wa Zimamoto na Uokoaji na ofisa afya wa kata waje wautembelee pamoja nanyi, mume wako akiwepo, na ikiwezekana mama mkwe pia. Waoneshe mageti, nyaya za umeme za jukwaa, umbali kutoka bembea hadi majini, mahali gari la wagonjwa litapita watu wakiwa wamejaa. Waulize idadi ya watu wanayoweza kuikubali, na wakupe kwa maandishi. Wakikuambia idadi ndogo kuliko ile mdhamini anayoitaka, unayo barua ya kumpelekea.